Mikono Isiyopakwa Mafuta

Mwezi uliopita ndugu yangu, kitinda mimba wetu, alikuja kunitembelea hapa Burnsville. Baridi ya Minnesota wewe waijua. Alipovua glavu nikaiona ile mikono: imepauka, vifundo vimepasuka. Nikakumbuka miaka ya tisini, hasira ikanipanda kama maziwa jikoni.

Ngoja nikueleze. Huyu nilimbeba mgongoni. Niliachishwa shule darasa la tatu nimlee, mama aende kuchuma chai. Kila asubuhi nilimpaka mafuta mpaka magoti yang'ae, maana mama alisema mtoto aliyepauka ni mtoto asiye na watu. Kwa hiyo aliponiita nimlelee mwanawe, yeye akisomea udaktari wa fizikia huko Minneapolis, nilikuja na mkebe wangu wa mafuta. Si daktari wa sindano, usije ukamwomba dawa. Alikuwa anachonga njia za mwanga kwenye vipande vya kioo, njia ndogo hata unywele ni gogo kando yake.

"Mwanga unachongewa njia?" nikamuuliza. "Kwetu hupita ufa wa mlango bila kusoma."

"Dada, wewe kaanga samaki."

Ndivyo tulivyoongea. Lakini ile apatimenti ya Brooklyn Park ilikuwa na raha yake! Chapati Jumamosi, hita ikigongagonga ukutani, jirani yetu nesi akitoka kazini anaingia bila hodi, anafunua sufuria. Mtoto ananijibu Kiingereza, mimi namgombeza Kiswahili, tunaelewana. Na asubuhi, mlangoni, ndugu yangu na ndevu zake ananyoosha mikono, nampaka.

Basi vipande vikaanza kuharibika. Profesa wake akamwambia vikitoka na uchafu tena, atafute kazi nyingine. Kule maabara wanajifunika nguo nyeupe kichwa hadi viatu. Poda marufuku, mafuta ya mwili marufuku. Yeye alijua, alidhani kunawa kunatosha. Mimi sikuambiwa kitu.

Asubuhi iliyofuata nikafungua mkebe. Akarudisha mikono nyuma.

"Usiniguse!"

"Nina ukoma?"

"Unaniharibia kazi, Dada! Wewe na mafuta yako ya kijijini!"

"Kijijini ndiko nilikoacha shule, wewe ukinikojolea mgongoni!"

"Sasa niwaitie polisi," akauliza jirani, aliyekuwa ameingia bila hodi kama kawaida yake, "au niwapime presha?"

Hakuna aliyecheka. Nilifungasha, nikahamia kwa jirani, nikaomba vile vipande vioze vyote.

Vikatoka safi.

Huo ndio mwanzo wa ukubwa wake. Akapata udaktari, akapata maabara yake, sasa ndiye profesa, naye anawafukuza wanafunzi wa watu. Kama kweli yalikuwa mafuta yangu, hakuniambia. Sikumuuliza. Ila kila alipopandishwa cheo nilisikia neno moja tu: usiniguse.

Jirani alirudi Kenya. Yule mtoto hunipigia simu Krismasi, Kiingereza kitupu. Ile nyumba nilipita nikaona imepakwa rangi nyingine, na mlangoni mwetu kuna viatu vya watu wengine. Hakuna tena anayeingia kwangu bila hodi.

Basi mwezi uliopita huyo profesa akakaa karibu nami, akaweka mikono juu ya magoti yangu, vifundo juu, kama alipokuwa mdogo.

"Dada."

Mkebe ulikuwa kando yangu. Nikamsukumia.

"Jipake."

Akajipaka vibaya, vifundo akaviruka. Nikatazama dirishani.