Saa ya Bati

Hoteli yangu iko Mtito Andei, kando ya barabara ya Mombasa, na kila asubuhi chuma cha chapati kinapopata moto, tumbo lake huinuka na kutoa mlio mmoja mfupi: pa! Madereva wa malori wanaosubiri chai hawausikii. Mimi husimama na mwiko mkononi, na kwa kitambo niko Kanyangi, nyumbani kwa mama, nimelala chali kwenye mkeka saa za joto, macho yakitazama bati.

Bati lisilo na siling halijui kunyamaza. Jua likilipiga linataka kunyooka, misumari inalikatalia, vinavutana hivyo mpaka linaponyoka: pa. Jioni likipoa linajirudi, na misumari ile ile inalia tena. Utotoni niliamini kuna mtu anatembea huko juu na viatu vyake. Nilimhesabia hatua mpaka usingizi ukanichukua, na hata leo joto la mchana likinilegeza namsikia.

Mama alipopoteza macho, kwa presha ya macho iliyomnyang'anya nuru polepole, sisi wanawe tulilia kumshinda. Yeye alikuwa na bati lake. Upande wa mashariki ulianza kulia saa tatu, naye akafungulia mbuzi. Upande wa pili uliitikia jua likishapita utosini, akameza dawa. Na bati likilia kilio cha kupoa katikati ya mchana, alijua wingu limeshika jua, akatoka akipapasa kwenda kuingiza ndengu zilizoanikwa uani. Aliishi hivyo peke yake miaka, na hata majirani walimuuliza saa.

Mimi sikuyajua hayo. Nilijua joto tu. Kila nilipomtembelea nilimkuta ametota jasho, nami ni mtu wa hasira za karibu. Nikikuona unateseka, nakasirika kwanza, huruma inafuata nyuma. Nikaleta fundi. Akapigilia siling bodi nyumba nzima, na juu yake akashindilia vipande vya magodoro kuukuu ili joto lisishuke. Nyumba ikapoa, ikatulia kama kanisa siku ya Jumatatu. Tenda wema nenda zako, husema wahenga. Nilitenda, nikaenda zangu.

Ndipo simu zilipoanza. Jirani alisema mbuzi wamefungiwa mpaka saa saba. Siku nyingine mama alimeza dawa mara mbili, akidhani jua limeshazama na kuchomoza. Nikamnunulia simu inayotamka saa.

"Inaongea vizuri," akaniambia, "lakini haijui wingu."

Niliona anaidharau zawadi yangu, nikakata simu. Wiki hiyo hiyo mvua ya ghafla ikanyeshea ndengu zake yeye akiwa ameketi ndani. Alipoisikia, turubai la kuanikia lilikuwa limeshajaa maji. Karibu zote zikaota pale pale.

Kaka yangu, aliye mkubwa wetu na anayeishi Nairobi, akasema basi. Mama hawezi tena kukaa peke yake, angekuja kumchukua Jumamosi. Nilikubali. Ijumaa nikasafiri hadi Kanyangi kumfungia mzigo, na nikamkuta amekaa kwenye kibanda cha mbuzi, mgongo ukutani, chini ya mabati mawili yenye kutu.

"Mwaitu, unafanya nini huku kwa mbuzi na nyumba iko na baridi poa?" nikamuuliza mama.

"Huku kunaongea," mama akasema. "Wewe mwiitu wakwa, binti yangu, ulinifunga kwa sanduku. Kule ndani siku haina mbele, haina nyuma."

Nilifungua mdomo nimjibu vibaya, kama kawaida yangu. Bati likalia juu yetu.

"Saa kumi na moja hiyo," akasema. "Mbuzi wanataka maji."

Nikatazama simu yangu. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika chache. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Miaka yote nasikiliza chuma cha chapati, na sikuwahi kujiuliza mama anasikiliza nini.

Kesho yake kaka alifika na pikapu akapakia mzigo. Mimi nilikuwa juu ya meza na nyundo, nang'oa siling juu ya kiti cha mama, vipande vya godoro vikiniangukia kichwani.

"Sasa unabomoa nyumba ya nini na mama anaenda?" akafoka.

Nikashuka, nikamfuata uani, tukagombana kama tulivyogombana utotoni, hapo hapo kando ya turubai lenye ndengu chache zilizosalia. Tulikuwa watu wawili wenye macho manne mazima, na hakuna aliyeinua hata moja.

Mama akatoka mlangoni, mikono mbele.

"Asi! Ingizeni ndengu! Hamsikii?"

Tukatazama juu. Wingu jeusi lilikuwa limelikalia jua. Tulikamata turubai, kaka pembe zake na mimi zangu, tukakimbia nalo ndani, na matone ya kwanza yakatukuta mlangoni. Hakuna punje iliyolowa. Kilicholowa ni mzigo wa mama, tuliousahau kwenye pikapu. Kaka akaufuata mvuani, akarudi nao unachuruzika, akasimama katikati ya nyumba asijue auweke wapi.

"Weka chini ya kitanda," mama akamwambia. "Nairobi siendi. Huko ndio nitakuwa kipofu."

Kaka alimtazama, akanitazama mimi. Kisha akapiga magoti akausukuma chini ya kitanda.