Jino Lililoimba Badala Yangu

Nakumbuka siku ile habari ilipofika Tinde kwamba mwimbaji akivikwa jino la dhahabu, sauti yake hupita mlima. Mwanangu, usicheke bado. Niliiamini habari hiyo kuliko nilivyoamini kwamba mvua hutoka mawinguni. Kijana aliyetoka Segese aliniambia yuko mtu huko aliyeimba akiwa na jino la namna hiyo, kuku wa Geita wakadhani kumekucha. Sikuuliza kuku hao ni wa nani. Nilipenda iwe kweli, basi kwangu ikawa kweli.

Ilikuwa miaka ya baada ya vita vya pili vya dunia. Vijana wetu walikwenda kuchimba dhahabu upande wa Geita, na kila aliyerudi alirudi na kitu cha kututia wazimu. Msimu mmoja ilikuwa miwani myeusi. Watu waliivaa hata ndani ya nyumba, wakawa wanajigonga kwenye milango. Msimu mwingine yakaja makoti ya mvua, nasi tukayavaa kiangazi, jua likiwaka mpaka mijusi inahama, tukitembea tunachuruzika jasho kama mitungi iliyotoboka. Halafu yakaja meno. Mwenye jino la kung'aa alikuwa hasemi tena, anacheka tu, hata msibani.

Mimi nilikuwa na sababu yangu. Mzee Lushinge, ningi wetu, yaani kiongozi wa nyimbo katika ngoma yetu, alikuwa amechoka kifua. Alisema kwamba baada ya mavuno nitaongoza mimi mashindano, na tukishinda, nafasi yake ni yangu, pamoja na usinga wake wa kuongozea ngoma. Unajua ngoma zetu zinavyoshindana: pande mbili hucheza kwenye uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila upande na nyimbo zake, na watazamaji huenda wanapopenda. Upande uliovuta watu wengi ndio umeshinda, na hakuna wa kumlalamikia. Ukizidiwa unajionea mwenyewe, watu wanakugeuzia migongo wewe bado unaimba.

Sauti nilikuwa nayo. Mama yangu alisema nilipolia utotoni, ng'ombe wa jirani walirudi zizini wenyewe. Lakini niliogopa kushindwa. Nikafunga safari hadi Rwamgasa, viatu vikaishia njiani nikafika kwa nyayo, nikamkuta fundi wa meno amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, tupa mkononi.

"Hiyo ni dhahabu kweli?" nikamuuliza.

"Inang'aa au haing'ai?"

"Inang'aa."

"Basi fumbua mdomo, kaka."

Akalikereza jino langu zima, lisilo na kosa lolote, akalivika kipande cha shaba ambacho baadaye nilikuja kujua kilitoka kwenye ganda la risasi. Nikamwachia blanketi langu jipya. Maumivu yale sina kipimo chake. Nyota nilizoziona mchana ule wataalamu wa nyota hawajazigundua hadi leo.

Nilirudi nyumbani ufizi umevimba. Mzee Lushinge akaitikia shikamoo yangu, kisha akanitazama shavu.

"Umemeza nini, mwanangu?"

"Sijameza, baba. Nimevaa."

"Hebu imba nikusikie."

"Ninaitunza sauti kwa ajili ya siku yenyewe, baba."

Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Siku ikafika. Upande wa pili alisimama Masele, mkulima wa pamba, kaptula imechanika, hana hata kofia. Nikamhurumia, Mungu anisamehe. Ngoma zikalia, nikaelekeza mdomo kwenye jua, jino likawaka. Watu wakaja mbio! Watoto, akina mama na vibuyu vyao, hata wachezaji wa Masele mwenyewe. Tinde nzima ilikuwa mbele yangu, pamoja na nusu ya Shinyanga. Nikajua usinga wa Mzee Lushinge tayari ni wangu.

Ila ili jino lionekane ilinibidi nivute midomo nyuma kama punda anayenusa moshi, na midomo ikivutwa hivyo maneno hayatoki. Nikiifumba kidogo niimbe vizuri, jino linapotea, na ufizi nao unapiga kelele zake. Nikachagua jino. Wimbo wote nikauimba kwa "aaa" na "eee".

Mtu mmoja mbele yangu akamwambia mwenzake, "Umeliona?"

"Nimeliona."

"Haya, twende."

Wakaondoka taratibu, bila ubaya, kama watu waliokwisha kunywa maji kisimani. Wengine wakafuata. Huko ng'ambo Masele alikuwa anaimba habari za fisi aliyekwenda kuposa nyumbani kwa mbuzi, na kila ubeti ulikuwa na kichekesho kipya, kwa hiyo waliokwenda hawakurudi. Nikabaki na wapiga ngoma wangu na mbwa.

Mzee Lushinge hakunigombeza. Alimkabidhi usinga mpiga ngoma wangu, na mimi sikuushika kamwe maishani. Miaka mingi baadaye, kwenye masomo ya usiku, mwalimu alituchorea koo ubaoni akasema sauti hutoka hapo. Darasa zima lilinishangaa nilipopiga makofi.

Ndiyo maana uliponiambia huwezi kusimama kwenye kwaya mpaka upate viatu kama vya vijana wa mjini, sikukukatalia. Vaa upendeze, ujana ni wako. Lakini ujue wimbo kwanza. Na kitu chochote kikikuzuia kufanya kazi uliyoitiwa, kivue, hata kama kijiji kizima kimekivaa. Mungu akupe sauti isiyochoka, mwanangu, na akupe watu watakaokuambia ukweli mapema, usichelewe kama mimi.

Mimi niliambiwa jioni ile ya mashindano, mambo yakiwa yamekwisha kuharibika. Aliyeniambia ni Kabula, binti wa jirani, ambaye leo wewe unamwita mama. Nilimkuta anatwanga, nikaanza kulalamika.

"Kabula, walikuja wote, uliwaona mwenyewe. Sasa kwa nini waliondoka?"

Hakuuweka mchi chini.

"Jino tulishaliona," akasema. "Tulikuwa tunangoja wimbo."