Siku Jua Lilipozama Mchana Märsta

Jamani, mficha uchi hazai, na mimi aibu hii nimeificha vya kutosha, bora niitoe mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Mama Esperance, maana yeye akiisimulia anaitia chumvi mpaka hailiki. Ndiyo, ni mimi. Yule mwanamke aliyezibwa kioo cha gari na sola yake mwenyewe mbele ya kanisa zima, huku mama mkwe kakaa pembeni yake, ni mimi, wala msijifanye hamjui.

Kwanza mnielewe. Mimi ni mtu wa usafi. Nafanya usafi huku Sweden, pale uwanja wa ndege, Arlanda, na nyumbani kwangu Märsta sakafu inang'aa mpaka unaweza kujipaka wanja kwa kujiangalia humo. Basi mwaka ule mama mkwe wangu akaja kutoka Njombe kukaa nasi miezi mitatu, mwanamke aliyesomesha watoto wake wote kwa kuuza keki za mkaa (zile za kwenye sufuria, moto chini, moto juu ya mfuniko), na mimi nikasema huyu lazima anikubali. Mama yangu mzazi nilimzika kabla sijapata mtoto, kwa hiyo msinicheke, nilikuwa na njaa ya kuitwa mwanangu na mtu. Yeye alikuwa ananiita "mke wa Elia". Nikasafisha nyumba kama anakuja rais, nikawa napiga pasi mpaka mashuka, akitoka bafuni naingia na dekio, hata kikombe chake cha bluu cha chai akishakiosha mwenyewe nilikuwa nakirudia kwa dawa ya madoa, kwa wema kabisa.

Wiki ya tatu haijaisha, mume wangu akanivuta jikoni.

"Mama anataka nimbadilishie tiketi arudi."

"Kwa nini? Kakosa nini hapa?"

"Hasemi. Anasema tu amechoka kukaa."

Nyie, nikavuta stuli nikakaa. Elia naye alikuwa na huzuni yake, maana hajakaa na mama yake tangu aondoke nyumbani kijana. Ndipo akaleta wazo la husbil, yaani lile gari lenye nyumba ndani, kitanda, jiko, choo, kila kitu. Kulikuwa na mzee mmoja Msweden wa Sigtuna anauza la kwake, kuukuu lakini zima, na Elia akasema tutampeleka Mama kaskazini, Kiruna, akaone jua lisilozama. Mama alipoambiwa akamwangalia mwanawe juu mpaka chini.

"Jua lisizame? Elia, wewe nimekuzaa mimi, usinifanye mtoto."

"Kweli, Mama. Usiku wa manane lipo tu linakuangalia."

"Haya. Nikalione hilo jua, halafu ndiyo niende kwangu."

Mnaona? Safari ile ilikuwa ndiyo turufu yetu ya mwisho. Akifurahi, atabaki. Asipofurahi, ndege.

Basi Elia akanunua paneli ya sola ya kuweka juu ya paa, ili tulale popote msituni, friji ifanye kazi na taa ziwake bila kutafuta kambi ya kuchomeka waya. Alitaka aibandike kwa gundi na kuipiga skrubu juu yake. Nikamwambia hapana, hutoboi paa langu, mvua ikivuja kwenye kitanda cha mama yako nani atalaumiwa, si mimi? Akabishana kidogo akachoka. Ikawa gundi tupu, ile nene nyeusi ya kwenye mirija, na vishikio vinne vya plastiki kwenye pembe za paneli. Akasoma maelekezo kama anasoma Zaburi, akapanda, akafuta paa kwa spiriti, akakwaruza kwa msasa pale vishikio vitakapokaa, akashuka kwenda kula.

Na hapo ndipo kimbelembele changu kilipoamka. Nikapanda ngazi kuangalia, nikakuta paa nililolisugua kwa mikono yangu mwenyewe wikendi mbili (lilikuwa na ukungu wa kijani, na mavi ya ndege msiseme) limekwaruzwa sehemu nne, limefifia, baya, kama mtoto aliyeanguka akachubuka magoti. Mwenzenu sikuvumilia. Kanisa zima lilikuwa linakuja Jumapili kuliombea gari! Nikachukua nta yangu ya kung'arishia magari, nikapaka paa zima, nikasugua kwa kitambaa mpaka nikauona uso wangu. Nta nzuri kweli ile, maji yakidondoka juu yake yanateleza yenyewe. (Hapa mngenisaidia kwa kuniuliza, sasa na gundi je? Lakini hamkuwepo.)

Elia aliporudi akasimama juu ya ngazi, akaniita.

"Mama Neema, umefanya nini huku juu?"

"Nimefuta vumbi tu."

Vumbi tu! Mungu anisamehe. Akabandika. Tukaiacha ikauke siku mbili kama maelekezo yalivyosema, Elia akaisukuma kwa mkono, haikutikisika, akaniambia nilikuwa sahihi, skrubu hazikuwa na kazi. Nilivimba kichwa siku ile, acheni.

Jumapili ikafika. Ukumbi tunaokodi kwa ibada uko palepale Märsta, una uwanja mkubwa wa kuegesha magari, na watu walikuja na treni kutoka Hallonbergen na wengine hata kutoka Fittja, wamevaa vitenge vyao, kwa sababu nilishatangaza kwa kila mtu kwamba Mama Neema sasa ana nyumba yenye magurudumu na umeme wa jua. Mchungaji wetu, Mrundi, mtu mpole sana, akaweka mikono kwenye boneti.

"Eeh Bwana, hii motokari uitangulie. Kila kilicho juu yake, kishike wewe mwenyewe!"

"Amina!" Mimi ndiye niliyepiga amina kubwa kuliko wote.

Elia akatoa funguo aendeshe, nikamnyang'anya. Nilitaka Mama aone kwamba mke wa Elia anaweza. Nikampandisha mbele, nikamfunga mkanda, akashika pochi yake mapajani, nikawasha gari, tukaanza kuzunguka uwanja taratibu, vigelegele nje, binti yangu Neema anatupiga video kwa simu yake, na mimi natoa mkono dirishani kama mke wa balozi. Nikaongeza mafuta kidogo. Kidogo tu, ili wasikie injini.

Ndipo bata bukini wakatoka kwenye majani, mama na baba na vifaranga vyao nyuma, wanakatiza uwanja kwa maringo kama wamelipia. Nikakanyaga breki.

Gari lilisimama. Sola haikusimama. Nilisikia kitu kinateleza juu ya kichwa changu, krrrr, kinapita juu ya kile kitanda kilichojitokeza juu ya dereva, halafu puu! Paneli nzima ikashuka mbele ya kioo, ikaning'inia kwa nyaya zake, na ndani kukawa giza. Sioni mbele, sioni bata, sioni mchungaji. Nilichanganyikiwa nikawasha waipa. Waipa! Zikawa zinapiga paneli ta-ta-ta, maji yanaruka, nikitafuta pa kuzizima nikabonyeza honi, ikalia mpaka watoto wa kanisani wakaziba masikio.

Katikati ya yote hayo nikasikia sauti ya mama mkwe, imetulia kabisa:

"Mke wa Elia. Si mlisema jua la huku halizami?"

Nilitamani niingie ndani ya kile choo cha husbil nijifungie. Nikashuka. Watu hamsini wamenitolea macho. Mchungaji bado kanyoosha mikono, Mama Esperance kashika kichwa, "Mon Dieu, Mama Neema, dirisha ya juu imeanguka!", na Neema anasema kwa Kiswidi, "Mamma, vad har du gjort?" (yaani mama, umefanya nini), huku simu hajaishusha hata kidogo.

Elia akapanda juu, akarudi na kishikio kimoja mkononi. Gundi yote ilikuwa bado imeng'ang'ania plastiki, nene, nzima, upande wa chini laini kabisa. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Hii ingetutoka barabara kuu," akasema polepole. "Ingempata mtu aliye nyuma yetu."

Hapo ndipo mzaha ulipoisha, shoga zangu. Aibu ni aibu, lakini nilipowaza mtu na watoto wake kwenye gari nyuma yetu, nilianza kulia palepale uwanjani, na kitenge changu kipya. Mama mkwe akashuka, akachukua kile kishikio, akakipitisha kidole gumba, akakinusa. Keki ngapi huyu mwanamke amezitoa kwenye sufuria maishani mwake?

"Hapa palipakwa mafuta. Nani kapaka?"

"Mimi, Mama. Nta. Nilitaka paa ling'ae."

"Unapaka sufuria mafuta, halafu unashangaa keki imetoka?"

Akaniangalia, mdomo unamcheza.

"Wewe kila kitu unakisugua. Mimi nikitoka bafuni, unaingia na dekio. Kikombe nikikiosha, unakirudia. Nimelala nawaza, huyu binti ananiona mchafu, bora niende kwangu. Kumbe ni ugonjwa wako! Hata gundi imekuogopa!"

Akacheka. Yule mama ambaye sijawahi kumwona meno alicheka mpaka akashika kioo cha pembeni cha gari, kanisa zima likamfuata, mchungaji naye kajikunja, na mimi nikajikuta nacheka huku kamasi zinanitoka, nikamwambia, "Mama nisamehe, sikujua, haki ya Mungu nilidhani nakuheshimu." Akanifuta uso kwa upindo wa kitenge chake mwenyewe. "Nyamaza, mwanangu. Twende tukale, wali unapoa."

Mwanangu. Nilisimama pale na sola inaning'inia nyuma yangu, nikasikia kama nimepewa gari jipya.

Wiki hiyo Elia alitoa nta yote, akakwaruza upya, akabandika, na safari hii akapiga skrubu mbili kila kishikio na kuzizungushia gundi maji yasipite. Mama alisimama chini ya ngazi, mikono kiunoni, kunilinda mimi nisipande. Tukaenda Kiruna, paneli haikutikisika, friji ikagandisha mpaka maziwa, na usiku ule jua lilipokataa kuzama Mama aliangalia saa yake, akaangalia jua, akaangalia saa tena. Akasema, "Elia, ile tiketi iache kama ilivyo."

Alikaa miezi yake yote mitatu. Mimi nta nikaigawa kwa jirani, na juu ya paa lile sijapanda tena na sitapanda. Nyumba bado inang'aa, ugonjwa hauponi wote kwa siku moja, lakini kile kikombe cha bluu kiko kabatini kama alivyokiosha mwenyewe asubuhi ya kuondoka, kina duara la chai ndani, na atakayekigusa kwa dawa ya madoa tutagombana.