Vigelegele vya leo

Leo nimepigia vigelegele uongo, tena mimi ndiye niliyevianzisha.

Dada Mwanaidi, mwenyekiti wa kina mama wa chama hapa mtaani, aliniomba nimkusanyie wanawake wa kujaza mkutano wa kampeni. Akaniahidi kipaza sauti, nimwambie mgombea kwamba zahanati yetu haina chumba cha kujifungulia.

Mnajua huyu mwanangu nilimzalia wapi. Kwenye bajaji.

Basi nikapita nyumba kwa nyumba, mtoto mgongoni. Uwanja ukajaa kanga za sare mpaka barabarani.

Tulipatana hivi: Dada akiutaja mtaa wetu, tupige vigelegele, nami nisimame niseme.

Akautaja. Tukapiga. Nikasimama.

Kipaza sauti hakukiachia. Akamgeukia mgombea: "Mheshimiwa, hawa wamekuja kwa mapenzi yao. Hapa hatuna shida wala makundi, chama ni kimoja. Si unawasikia?"

Na wenzangu wa nyuma, maskini, walikuwa bado wanapiga.

Bi Riziki, jirani yangu, akanivuta kanga. "Kaa, mwanangu. Tumeshamwitikia."

Nimerudi nyumbani, hata kanga sijabadili, Dada kaniandikia: "Mdogo wangu, umati ule umetubeba. Kesho tuko Muheza, niletee mara mbili ya wale."

Nyie mngemjibu nini?

Mimi nimemwandikia: "Dada, wewe ndiye uliyempokea huyu mtoto kwenye ile bajaji, kwa mikono yako. Kesho simleti mtu."

Ameisoma.