Uhusiano na Mtuhumiwa

Kituoni walimwita Sajenti Hati, maana kila kuruta aliyepita kwenye kaunta yake aliimbishwa somo lile lile: mwizi, mkamate papo hapo; aliyetukana tu, andika malalamiko, kisha kaombe hati ya kumkamata kwa hakimu. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kumweka mtu ndani kinyume cha sheria. Kichwa kilijaa vifungu, lakini moyo, maskini, ulijaa fundi cherehani.

Fundi huyo alikuwa na kibanda mkabala na nyumba ya Sajenti. Mke wa Sajenti kila alipopita hapo, kicheko. Nyumbani uso mkavu. Kwa fundi, anacheka mpaka anashika mbavu! Wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda, na Sajenti alikuwa ameshatoboa tundu jipya kwenye mkanda wa sare.

Basi Jumatatu asubuhi mama muuza mkaa akaja kulalamika kwamba fundi amemtukana. Tusi lenyewe "domokaya". Hapo bila hati humgusi mtu, na Sajenti alilijua hilo kuliko hakimu. Lakini kitabuni akaandika "ametishia kuua". Saa nne fundi alikuwa mahabusu, pekupeku, na Sajenti akajisikia vizuri, tusifichane.

Saa sita akaingia mkewe.

"Nimekuja kumwekea fundi dhamana."

"Wewe?"

"Mke wake kajifungua jana, bado kalazwa. Ulitaka aje nani?"

Sajenti akavuta fomu. Jina, makazi, kazi: akajaza bila kuuliza. Kisha akafika kwenye swali ambalo nyumbani hakuthubutu kuliuliza kwa miaka miwili, na sasa kazi ilimlazimisha.

"Uhusiano na mtuhumiwa?"

Mkewe akamkazia macho. "Jirani. Ananiuliza nimeshindaje, halafu anangoja jibu. Ni hilo tu, mume wangu." Akainama juu ya kaunta, akashusha sauti. "Mama wa mkaa kaniambia kosa ni domokaya. Wewe umeandika kuua. Nikienda kwa mkuu wako, akiniuliza uhusiano wangu na wewe, nimjibu nini?"

"Mwambie... mke."

Mkewe akachukua kalamu, akasaini, akamrudishia fomu.

"Kwanza mtoe fundi," akasema. "Hilo lako nitalifikiria."