Maji Meupe Chini ya Kinyungu

Nimeishi miji mingi, na katika kila mji nimeota bonde lile lile: ukungu umelala juu ya vinyungu, bustani zetu za bondeni za kiangazi, na kijito kinapita pembeni kikiongea peke yake. Mwaka jana nilibadili gari Makambako nikapanda hadi Njombe, kwa dada yangu. Nilimkuta akihangaika na viazi. Ugonjwa wa majani ulikuwa umeingia.

"Kamwene, mtalii," alinisalimu. "Mgongo unao? Beba bomba."

Nilipuliza dawa asubuhi nzima, tuta kwa tuta, jua likipenya ukungu taratibu, nikajiona mtoto tena nyuma ya marehemu baba. Nilipomaliza nilifanya alichokuwa akifanya yeye: nikashuka kijitoni, nikalizamisha bomba, nikalisuuza. Maji yakawa meupe kama maziwa. Yalijikunja, yakanyooka, yakaenda zake kati ya nyasi. Niliyatazama, nikayaona mazuri. Nilisahau kwamba siku hizi mji unakunywa hapo chini.

"We baba! Toa hilo bomba!"

Alikuwa jirani yetu, mama wa kamati ya maji. Simu ilikuwa tayari sikioni, akimwambia mlinzi wa chanzo afunge maji yasiingie kwenye tangi. Dada alikuja mbio, akaona weupe ule, akakaa chini kwenye tuta. Kamati ilishamwonya mara moja, kwa kulima karibu mno na kijito. Safari hii kinyungu kingeondoka, na kinyungu ndicho kilichosomesha wanawe.

"Ni mimi," nilisema. "Yeye hakunituma kusuuza."

"Najua. Nani amtume mtu ujinga?" Yule mama alihesabu matuta kwa kidole kuanzia kijitoni. "Matuta matatu ya chini yanarudi kwa mto. Mtapanda mivengi, miti isiyonyang'anya maji. Na mashimo utachimba wewe."

Dada alicheka huku machozi yakimtoka. "Huyu? Atachimba shimo moja, aulize basi la Makambako linaondoka saa ngapi."

Nilichimba siku nne. Dada aling'oa viazi vya matuta yale kabla ya wakati wake, vidogo kama gololi. Nilipoupanda mche wa mwisho alikuja na ndoo, akaumwagilia yeye mwenyewe, kisha akaniambia nikanawe nyumbani, mbali na mto.