Wake Zangu Hawagombani

Nilipooa mke wa pili, enzi za Mwingereza, nilikuwa karani wa bohari bandarini na nyumba yangu ilikuwa Temeke. Wenzangu kazini walinitisha kwamba nitaishi motoni. Nikajiandaa, nikapanga hata maneno ya kuwasuluhisha.

Haukupita muda, mke mkubwa akawa anampelekea mwenzake uji asubuhi. Kisha wakawa wanasukana nywele uani. Nikirudi jioni nasikia vicheko, nikiingia tu vinakatika.

"Mnacheka nini?"

"Hamna kitu, bwana," anajibu mkubwa, huku mdogo kajiziba mdomo kwa kanga.

Nikamnunulia mdogo doti ya kanga, makusudi, yeye peke yake. Kesho yake nikamkuta kajifunga upande mmoja, na mkubwa kajitanda ule mwingine.

Nilishindwa, nikaenda Kinondoni kwa shangazi yangu.

"Shikamoo, shangazi. Wake zangu hawagombani."

"Marahaba. Mwanangu, umekuja kushitaki amani?"

"Hawanigombanii, shangazi. Hata kidogo!"

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Basi gombana nao wewe."

Nikajaribu. Jumamosi moja nilisukuma sahani, nikafoka kwamba mchuzi umezidi chumvi. Walitazamana, wakaniomba radhi kwa sauti moja. Halafu wakavaa mabuibui yao, wakaenda arusini Msasani wameshikana mikono.

Nyumba ikawa kimya. Niliivuta ile sahani, nikala mpaka nikaikomba. Mchuzi ulikuwa mtamu sana.